Ndege wa Mama Juu ya Bei ya Kahawa

Karibuni, kaeni, lakini zimeni kwanza hizo simu. Nimeshaona. Mstari ukiwa wa kijani mnapiga makofi, ukigeuka mwekundu mnakosa hata hamu ya chai yangu. Mnanunua hisa za makampuni ya Nairobi mkiwa mmekaa hapa Bujumbura, Mutanga Sud, karibu na chuo chenu, kisha mnakuja kuniuliza, "Mama Mwajuma, bei za miaka ya nyuma zinasema nini?" Zinasema mengi, wanangu. Nyingine zinasema uongo. Na nyingine, wallahi, si bei kabisa, ni ndege.

Msitazamane hivyo. Akili yangu nzima, ni magoti tu ndiyo yamechoka. Nitawafikisha kwa huyo ndege, lakini lazima kwanza mjue kazi yangu, maana mkiisikia hadithi bila kazi mtacheka pasipotakiwa.

Mimi nilikuwa mchoraji wa bei. Ndiyo, kazi hiyo ilikuwepo, na nilivaa viatu vya kisigino kwenda kuifanya! Kampuni yetu ilinunua kahawa ya milimani na kuiuza Ulaya. Ghala lilikuwa upande wa bandari, ofisi juu ya ghala, kwa hiyo miaka yote nilinuka kahawa mbichi, ile harufu ya gunia na majani makavu, si hii tamu ya kikombeni. Kahawa nayo ina soko lake kama hisa zenu. Huko New York watu wanapigiana kelele mchana kutwa, soko likifungwa inabaki bei moja ya mwisho. Bei hiyo ilitufikia kwa teleksi, ile mashine ya kuchapa habari za mbali, na teleksi ikifa, kwa redio, sikio limebandikwa kwenye spika. Mimi naweka nukta, naunganisha na nukta ya jana, nasimama mbali kidogo, natazama. Basi. Nililipwa kwa hilo na sikuona haya.

Aliyenifundisha ni Mzee Rajabu, mtu wa mtaa wa Buyenzi kama mimi, aliyekuwa akiweka nukta tangu sijazaliwa. Alikuwa na kofia ya kufuma isiyomtoka kichwani, isipokuwa siku ile moja. Nilikuwa mgeni kazini. New York wanahesabu bei kwa ratili, sisi ghalani tunahesabu kwa kilo. Teleksi ikafa, nami kwa kutotaka kukaa bure nikachukua bei ya ghala nikaiweka kwenye mstari wa New York. Mstari ukaruka juu! Nikashuka ngazi mbio nikimwita patroni, yaani bosi wetu, "Tumetajirika! Tumetajirika!" Wanawake waliokuwa wakichagua kahawa wakaanza kupiga vigelegele bila kujua kwa nini. Mzee Rajabu alipoona nilichofanya alicheka hadi kofia ikaangukia kwenye chai.

"We mutoto," akaniambia akiikamua ile kofia, "umebadilisha kipimo, bei iko palepale. Kabla ya kufurahi, uliza: ni kilo ao ratili? Ni dola ao faranga?"

Hilo la faranga ndilo tamu zaidi. Faranga yetu ilipodhoofika, mstari wa faranga ulipanda kwa madaha huku ule wa dola umelala chali. Patroni wetu, Bwana Prosper, mtu mwema mwenye tai ndefu kuliko tumbo lake, alikuwa akitazama ule wa faranga asubuhi ili anywe chai kwa raha, na ule wa dola akiwa ameshashiba.

Kitu kingine: kahawa inauzwa kwa miezi. Kuna bei ya itakayotolewa Julai na bei ya itakayotolewa Septemba. Julai ikiisha unahamia Septemba, mstari unaruka, na sokoni hakuna kilichotokea. "Hapo umebadilisha mbuzi," Mzee aliniambia. "Usiseme mbuzi amenona." Kila nilipohama mwezi nikawa naweka alama ya kijani. Nanyi ni hivyohivyo! Kampuni ikigawa kila hisa kuwa mbili, bei inaanguka nusu kwa siku moja na hakuna aliyepoteza hata senti. Juzi mmoja wenu, simtaji, anavaa miwani na amekaa karibu na biskuti kuliko inavyotakiwa, alitaka kuuza kila kitu kwa hofu. Ulikuwa na mbuzi mkubwa mmoja, mwanangu, sasa una wawili wadogo! Rudisha hiyo biskuti.

Haya, sasa kitambaa, maana bila kitambaa hakuna ndege.

Vita vilipoingia mjini, zilikuja zile siku za kufunga mji, ville morte tuliziita: hakuna duka, hakuna basi, kila mtu na kuta zake nne, unasikiliza nje na unaomba Mungu. Karatasi za grafu zikakosekana. Zile za zamani, miaka na miaka ya bei, zilikuwa zimebandikwa ukutani ofisini. Risasi iliyopotea ikatoboa bati, mvua ikaingia humo, na asubuhi tukakuta wino unatiririka ukutani. Nililia. Mzee Rajabu hakulia, alikuwa anatazama gauni langu, au niseme kola yake, niliyoidarizi mwenyewe.

"Mwajuma," akasema, "vitambaa vyenu vya kudarizi huko Buyenzi, bibi arusi anaolewa navyo, vinafuliwa, vinapigwa pasi, mpaka wajukuu wanavikuta. Karatasi gani inaweza? Nenda ukanunue kile kitambaa cha viboksi."

Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikapata kitambaa kirefu, kile ambacho nyuzi zake zimepangwa mraba mraba, na kabla yale makaratasi hayajaoza tukahamisha bei zote. Kiboksi kimoja kwenda mbele, wiki moja. Kwenda juu, senti za dola. Uzi mwekundu kwa bei ya mwisho ya wiki. Uzi wa kijani panapobadilika mwezi. Na wiki ambayo bei haikupatikana?

"Acha wazi," alisema Mzee Rajabu, na hapo hakucheka. "Tundu nalo ni habari. Ukiliziba umesema uongo, na uongo wa uzi haufutiki."

Siku za mji kufungwa nilikaa nyumbani na redio mapajani, nadarizi bei. Nilifurahi, wanangu, siwafichi. Nje palikuwa panatisha, ndani nilikuwa na kitu cha kufuata kwa kidole. Mama yangu alikaa nami. Hakuelewa hata kidogo, wala hakutaka kueleweshwa. Kwake yeye nilikuwa nadarizi milima ya Burundi.

"Vizuri," akasema, "lakini mbona mulima yako haina hata ua moja? Na haya matundu? Umechoka?"

"Ni bei, Mama."

"Sawa. Lakini hata ua moja?"

Sasa, mwaka mmoja, baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazili. Wao wakiwa na wingi, bei inalala. Wakiunguliwa, dunia nzima inatafuta kahawa. Bei ikaanza kupanda. Kila siku naweka nukta ukutani kwa chaki, nimesimama juu ya kiti. Ghalani tulikuwa na kahawa yetu yote ya msimu, na ndiyo tu tuliyokuwa nayo. Ijumaa moja mnunuzi wa Ulaya akapiga simu asubuhi: ananunua yote kwa bei ya leo, jibu kabla hajafunga ofisi yake.

Bwana Prosper alizunguka meza kama anatafuta kitu kilichoanguka. Akiuza yote leo na bei ikaendelea kupanda, hatakuwa na nguvu ya kununua kahawa ya msimu unaofuata, maana wenzake watakuwa wamemzidi. Akingoja na bei ikaanguka, anafunga ghala. Na ghala likifungwa, ni wale wanawake wote wachaguzi, ni wapakizi, ni Mzee Rajabu, ni mimi niliyekuwa nalisha nyumba yetu tangu Baba alipofariki. Wakati ule ukipoteza kazi hupati nyingine, unapata njaa. Sote tulilijua hilo.

"Mwajuma, leta kitambaa," patroni akasema. "Baridi hii si ya kwanza. Nataka kuona zile za zamani: bei ilifika wapi, ilikaa juu muda gani, ilishuka namna gani."

Sikilizeni swali hilo, ndilo swali la mtu mzima. Hakuuliza, "Kesho itakuwaje?" Kesho haimo kitambaani, wala haimo kwenye simu zenu. Kilichomo ni jinsi watu walivyowahi kuogopa na jinsi hofu ilivyowahi kuwatoka.

Nikaenda nyumbani mbio. Nikafungua sanduku nilimokuwa nakiweka. Tupu!

Mnajua siku hiyo ilikuwa siku gani? Ilikuwa arusi ya mdogo wangu Hadija, baada ya sala ya Ijumaa, huko Kibenga kwa wazazi wa bwana arusi. Arusi zote zilikuwa za mchana kwa sababu ya amri ya kukaa ndani usiku. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa ya kutoka kazini mapema niwahi. Jirani akachungulia dirishani: "Unatafuta kile kitambaa cha mulima? Mama yako amekipeleka Kibenga. Anasema meza ya bibi arusi haiwezi kulala uchi."

Nikarudi ofisini nikamwambia patroni ukweli. Aliniangalia, akaangalia saa, akachukua funguo za gari.

Kwenye kizuizi mwanajeshi akatusimamisha. "Munaenda wapi?"

"Kusoma bei," patroni akajibu.

"Arusini!" mimi nikajibu, wakati uleule.

Yule kijana akatutazama mmoja mmoja, mtu mwenye tai na mwanamke anayehema. "Ni yenu?" akauliza. Bwana Prosper akaona haya, nami nikacheka kicheko cha kijinga mpaka yule mwanajeshi naye akacheka akatupisha.

Kibenga walikuwa wamepanga wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, na meza ndefu ya bibi arusi, bila shaka, ilikuwa upande wa wanawake. Bwana Prosper akapiga hodi, akakohoa, akaomba radhi, akaingia ameinamisha kichwa. Na hapo mezani, chini ya pilau, chini ya sambusa, chini ya majagi ya juisi ya maracuja, zilikuwa zimelala bei zetu zote, zimepigwa wanga na pasi zikang'aa.

Patroni akainama, tai ikaingia kwenye pilau. "Samahani mama," akamwambia shangazi yangu kwa adabu kubwa, "sahani yako iko juu ya baridi."

Shangazi akapeleka mkono chini ya sahani. "Apana, baba. Iko moto."

Tukaanza kuinua sahani moja moja. Wageni wakadhani ni mchezo wa arusi, nao wakainua zao. Patroni anasoma kwa kidole, "Hapa bei iko chini, hapa imetulia, hapa… hapa! Baridi ya zamani! Ilipanda, ikapanda, na tazama, Mwajuma, ikapanda tena hadi huku juu! Mara mbili ya bei ya leo! Tunangoja. Simu iko wapi?"

Akatoka mbio kuelekea koridoni kwenye simu, uso unawaka kwa furaha. Mimi nikainama nikitazame hicho kilele. Uzi wake ulikuwa wa waridi. Mimi sijawahi kutumia uzi wa waridi. Nikatazama vizuri zaidi, na pale juu kabisa, kileleni pa ule utajiri wote, palikuwa na kijiduara cheusi kinanitazama.

"Patroni!" nikapiga kelele. "Usipige simu! Hiyo bei ina jicho!"

Mama akaitwa kutoka jikoni, akaja na mwiko wake. Alidhani anaitwa apongezwe. "Ndiyo, ndege ni yangu," akasema, uso umemng'aa. "Na maua haya yangu. Na huku ulikuwa umeacha matundu, nikaziba yote. Mutu aseme nini, mutoto wangu anaolewa na kitambaa ya matundu?"

Mngefanya nini? Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Kisha nikakumbuka ghala, nikaacha kucheka, nikaomba wembe.

Nikafumua mbele ya wageni wote. Mama akitembea nami kando ya meza, akinyoosha mwiko: "Hii yangu. Hii yako. Hii yangu, aah, polepole, hiyo majani ilinichukua siku mbili!" Kwa kila uzi uliotoka aliguna, na Hadija kwenye kiti chake cha enzi akaguna naye. Ndege akaondoka kuanzia mkia. Bei ya kweli ikabaki chini yake, nyekundu, nyembamba. Ilikuwa imepanda kwa haraka siku zile za zamani, lakini si mara mbili ya leo, wala karibu yake. Ilishuka haraka kuliko ilivyopanda. Na kileleni, baada ya Mama kuonyesha viraka vyake nami kuvitoa, palikuwa na tundu. Bei za wiki zile hatukuwahi kuzipata.

Patroni akaweka kidole kwenye lile tundu. "Kwa hiyo juu kabisa ni wapi, hatujui?"

"Hatujui, patroni. Tunajua ilipanda, tunajua ilishuka."

Akakaa. Akapewa sambusa, akala bila kuiona. "Kama sijui kilele," akasema taratibu, "siwezi kukingoja. Lakini siwezi pia kukimbia. Nauza nusu leo. Nusu nyingine nitauza kidogo kidogo, bei ikipanda ama isipande."

Akapiga simu pale koridoni. Akiwa katikati ya kusema, Hadija akasimamishwa kuonyeshwa wageni na wanawake wakaachia vigelegele vya kupasua bati. Tukamsikia patroni akipaza sauti kwa Kifaransa: "Ni arusi! Nakuambia ni arusi!" Mnunuzi hakuamini. Alidhani tumepata mtu anayelipa vizuri zaidi na ofisi nzima inashangilia. Akaongeza bei hapohapo. Bwana Prosper akarudi mbio. Akamwinamia Mama yangu mpaka tai ikarudi kwenye pilau.

Bei iliendelea kupanda kidogo, na patroni akalalamika kwa ile nusu aliyoiuza. Kisha ikageuka, ikaanguka, na akaisifu nusu ileile mpaka tukachoka kumsikia. Ghala halikufungwa. Miaka ile ilituchukulia watu, siwezi kusema haikutuchukulia, lakini kwetu asubuhi mlango ulifunguliwa na kazi ilikuwepo. Mimi nikadarizi kitambaa kingine cha ofisi, nikakifungia ofisini! Kile cha kwanza patroni aliamuru kibaki kwa bibi arusi, na Mama akadai ni haki.

Sasa mnaelewa kwa nini nawasumbua kila mkinionyesha mstari? Swali langu ni lilelile: nani aliuchora, kwa kipimo gani, mbuzi alibadilishwa wapi, na matundu aliyaziba nani kwa nia njema? Wenye nia njema ndio wabaya zaidi, maana wanadarizi vizuri.

Lakini ngojeni, chai bado ipo.

Vita vilipokwisha, Hadija akaniita Kibenga. Akafungua kabati, akakunjua kitambaa. Nilishtuka. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyokiacha. Pale bei zangu za kahawa zilipoishia alikuwa ameendeleza mwenyewe, uzi mwekundu uleule, wiki kwa wiki.

"Hii si kahawa," nikasema.

"Maharage, dada. Sokoni. Nilianza mipaka ilipofungwa."

Nikafuata kwa kidole. Miaka ya vikwazo mstari ulipanda hadi kitambaa kikamwishia juu, akashonea kipande kingine kwa juu, na kingine tena. Kulikuwa na matundu. "Hapa ulisahau?"

"Apana. Hapa soko lilifungwa. Na hapa tulikimbia." Akanitazama. "We ulisema tundu ni habari."

Nikaendelea na kidole mpaka pale mstari ulipoanza kushuka, mara ya kwanza baada ya kupanda kwingi, kiboksi kimoja tu. Na juu ya hicho kiboksi, ndege. Mdogo, wa waridi, jicho limewekwa kidogo kando.

Mama alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, kwa uzee, kitandani kwake, jambo ambalo miaka ile lilikuwa neema.

"Wiki hiyo nilimwambia maharage yameshuka," Hadija akasema. "Akacheka, akaniambia leta sindano."

Mimi huwa natembea na kijiwembe kwenye mkoba, kwa ajili ya nyuzi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye zipu. Nilikuwa nimeshafumua ndege, maua, majani na viraka vyote vya mwanamke yule mbele ya wageni wake, na kwa bei ya kweli ningevifumua tena kesho.

Nikafunga mkoba. Nikaweka kidole kwenye lile jicho, Hadija akaweka chake, tukacheka kwa sauti mpaka mumewe akaja kuuliza kuna nini.

"Bei imeshuka," nikamwambia.